Mabango ya kidijitali kwenye somo la Kiingereza: Kiingereza chenyewe kinafanyika hatua gani?

Ticha_wa_Lugha (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Kiingereza kidato cha pili, shule ya kutwa ya serikali, Tanzania Bara. Tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutumika Januari 2024, kazi mradi haikosekani kwenye kikao chochote cha idara, na kwenye Kiingereza wengi wetu tumekimbilia mabango ya kidijitali. Nikitembelea wenzangu naona kazi za kuvutia kweli: rangi zimekaa, picha zimekaa, halafu chini kuna sentensi nne za Kiingereza ambazo mwanafunzi aliyeziweka hawezi kukueleza.

Msimamo wangu ni huu. Bango zuri lina maneno machache, arobaini au hamsini hivi. Kama hayo ndiyo maneno pekee ya Kiingereza ambayo kikundi kimeyagusa kwa wiki tatu, tumefundisha uchoraji. Kiingereza kinatakiwa kifanyike kabla ya bango na baada ya bango: kuuliza, kuandika rasimu, kubishana sentensi ipi ibaki, kusimama mbele ya watu na kujibu. Bango linayapa hayo yote sababu ya kufanyika.

Nieleze mradi mmoja ili tuwe na kitu cha kujadili. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Wanafunzi wangu walikuwa wadogo, wengi wanaukumbuka mfuko wa rambo kwa mbali. Sikuwapa mada ya "mazingira". Niliwapa swali, tena kwa Kiingereza ubaoni: nini kimechukua nafasi ya mfuko wa plastiki sokoni kwetu, na nani anakilipia?

Kipindi cha kwanza chote walitunga maswali ya mahojiano. Kwa Kiingereza, kwenye madaftari, kisha wakayageuza Kiswahili ili waweze kumuuliza muuza dagaa bila kumchosha. Wakaenda sokoni baada ya masomo, kila kikundi watu wanne. Mama mmoja akawaambia zamani alikuwa anatoa rambo bure, siku hizi mteja anakuja na kikapu au ananunua mfuko mbadala, na asiyetaka kununua anafungiwa kwenye gazeti. Sasa mtoto anarudi darasani na hilo jambo kichwani, anataka kuliandika kwa Kiingereza. Hapo "used to" anaihitaji mwenyewe. Kauli taarifa anaihitaji mwenyewe. Sentensi za kutendwa zinakuja zenyewe, maana mifuko "were banned", haikujipiga marufuku. Nimefundisha vipengele hivyo ubaoni miaka mingi, sijawahi kuulizwa maswali mengi kama siku ile.

Kisha rasimu, kwenye karatasi. Hakuna anayegusa kompyuta kabla maandishi hayajapita. Kikundi kimoja kilianza na hii: "Don't use plastic because is bad for environment." Pembeni niliandika maswali tu: ni mbaya kwa nani? wapi? mmeona nini? Wakarudi kuutazama mtaro ulio nyuma ya soko, wakaupiga picha kwa kishikwambi cha shule. Rasimu ya tatu ikawa hivi: "This drain is behind our market. Six years after the ban, thin plastic still blocks it when the rains come." Wasichana wawili walibishana muda mrefu kuhusu ile "still". Mmoja anasema itolewe, inajaza nafasi. Mwenzake akamjibu, kwa Kiingereza cha kuungaunga lakini kinachoeleweka, kwamba ikitoka msomaji hatajua kuwa marufuku ipo tayari. Ikabaki. Mabishano yale ndiyo somo lenyewe, na kwenye bango hayaonekani.

Mwisho maonyesho. Nusu ya kila kikundi wanasimama kwenye bango lao, nusu wanazunguka kwa wengine, kisha wanabadilishana. Anayezunguka lazima aulize na aandike jibu alilopewa.

Karibuni. Nataka hasa kusikia wanaoona hii ni kupoteza muda.

---

ChakiNaUbao

Mkuu, nimekusoma vizuri na nia yako ni njema, lakini nitakuwa muwazi. Nina mikondo mitatu, kila mmoja una wanafunzi zaidi ya themanini. Chumba cha kompyuta kipo, zinazowaka ni chache, na umeme ukikatika tunaahirisha. Juu ya yote upimaji wa kidato cha pili unanisubiri Novemba, na hakuna swali linalosema "tengeneza bango". Mtaaluma, yule mwalimu anayesimamia taaluma shuleni, akiona wiki tatu zimeenda kwenye mfuko wa plastiki ataniuliza azimio la kazi limefika wapi.

---

Ticha_wa_Lugha

Mkuu ChakiNaUbao, hoja zako zote mbili ni za kweli.

La mtihani: sikuongeza mada hata moja. Kauli taarifa, sentensi za kutendwa, kueleza mazoea ya zamani, kutoa maoni na sababu, vyote vilikuwa kwenye azimio langu. Nilichofanya ni kuvipanga vifuatane na mradi, na kwenye shajara ya somo nikaandika umahiri husika kama kawaida. Mtaaluma alipokagua alikuta mada zimekwenda. Na insha wanayoandika kwenye mtihani inataka kilekile: uwe na la kusema, ulipange, urudi kulisahihisha.

La vifaa: ukitumia kompyuta kwenye hatua moja tu, hazihitaji kuwa nyingi. Vikundi vinaingia kwa zamu, kila kimoja na maandishi yaliyokwisha pitishwa na mchoro wa penseli unaoonyesha kichwa kinakaa wapi na picha inakaa wapi. Kikundi kilichojiandaa hivyo hakikai muda mrefu kwenye mashine. Wanaokaa muda mrefu ni wale walioingia kutafuta la kuandika. Wengine wakisubiri zamu, wanafanya mazoezi ya kujibu maswali wawili wawili.

Na vile vishikwambi vya sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu, pale ambapo bado vinafanya kazi, vinapiga picha safi na vinabeba programu ya kupanga bango bila shida.

---

Mwl_Kilifi

Walimu, salamu kutoka Pwani ya Kenya. Sisi tumeanza kuishi na miradi kabla yenu. CBC, yaani mtaala wetu wa umilisi, ilianza kusambazwa shuleni mwaka 2019, na gredi ya 7 ya kwanza iliingia Januari 2023. Naomba niwape tahadhari moja iliyotuumiza: gharama ikihamia nyumbani, mradi umekufa.

Mtoto akiambiwa alete bango lililochapishwa kwa rangi, mzazi ndiye anayekwenda saiba, duka la intaneti na uchapaji, jioni. Kijana wa saiba anauliza "mnataka nini hapo?", anatafuta kwenye mtandao, anapanga, anachapa, mzazi analipa. Asubuhi mwalimu anapokea mabango thelathini yaliyotengenezwa na mtu mmoja asiye mwanafunzi wa shule hiyo. Wazazi walilalamika nchi nzima na walikuwa na haki.

Shuleni kwetu tuliamua hivi: bango halitoki nje ya shule, na halichapwi. Linaonyeshwa kwenye projekta, au kwenye skrini ya kompyuta yenyewe, vikundi vinazunguka kwenye mashine. La kidijitali halina lazima ya kuwa karatasi. Likipendeza sana na mwalimu mkuu akataka kulibandika ofisini, shule ndiyo inalipia.

---

Binti_Unguja

Assalaam alaykum nyote. Uzi umenigusa, nami nina la kuongeza ambalo naliona kila mwaka: nani anashika mausi?

Kikundi cha watu wanne, mmoja nyumbani kwao kuna kompyuta. Mara nyingi ni mvulana. Anakaa katikati, wenzake wanasimama nyuma yake, na wasichana wanaishia kusema "hapo pazuri, hapo pabaya". Bango linatoka zuri na sote tunapiga makofi. Kumbe mmoja kajifunza programu, na hakuna aliyejifunza Kiingereza.

Mimi nagawa kazi kwa majina na naziandika ubaoni: mwenye kuandika, mwenye kuhariri, mwenye kupanga ukurasa, mwenye kutafuta taarifa. Zinabadilika kila kipindi. Anayekaa kwenye mashine haruhusiwi kuamua neno. Anaambiwa kwa Kiingereza cha kuweka na anaweka. "Move the picture to the left." "Make the title bigger." "Delete the second sentence." Maelekezo hayo mafupi yamewafungua midomo watoto wangu waliokuwa hawasemi kabisa, kwa sababu akikosea picha inakwenda pasipotakiwa, naye anajirekebisha papo hapo bila ya mimi kuingilia.

---

Ticha_wa_Lugha

Binti_Unguja, Mungu akubariki kwa hili. Naanza nalo muhula ujao. Mimi nilikuwa nagawa majukumu lakini hilo la kutoa maelekezo kwa mdomo sikuwa nalo.

---

MwalimuMstaafu

Wanangu, hamjambo. Mimi nimestaafu, nilifundisha Kiingereza na Historia. Nimefurahi kuona vijana mnazungumzia miradi, maana chuoni tulisomeshwa habari za William Heard Kilpatrick aliyeandika kuhusu mbinu ya mradi mwaka 1918, mwanafunzi wa John Dewey. Na mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, shule zetu zikawa na mashamba na mifugo. Mtoto alijifunza kwa kufanya. Sisi mabango tuliyafanya kwa karatasi za manila na kalamu za rangi, na Kiingereza walijifunza.

Swali langu ni la dhati: hiyo kompyuta inaongeza nini? Kama manila inatosha, kwa nini mwalimu wa shule isiyo na umeme ajione amebaki nyuma?

---

Ticha_wa_Lugha

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ndilo muhimu kuliko yote humu.

Ninachokiona ni kwenye masahihisho. Kwenye manila mtoto akishaandika kwa maka, hataki kuona kosa. Ukimwonyesha, anaangalia karatasi nzima aliyoipaka rangi, anaangalia bei ya manila nyingine, anakuambia "iko sawa tu ticha". Wengine wanabandika kipande cha karatasi nyeupe juu ya kosa, basi. Kwenye kompyuta kusahihisha ni bure, kwa hiyo anakubali kusahihisha mara tano. Tena kila toleo linahifadhiwa kwa jina lake, la kwanza, la pili, la tatu, na mwisho tunayafungua yote kwa pamoja, kikundi kinaeleza kimebadilisha nini na kwa nini. Kwenye manila rasimu zinatupwa jalalani.

La pili ni wasomaji. Bango letu la mtaro lilikwenda kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, na baadhi ya majibu yalirudi kwa maandishi, tukayasoma darasani. Mtoto akijua kuna mtu atasoma, tahajia inakuwa jambo lake, hasubiri kalamu nyekundu.

Lakini nakubaliana nawe: shule isiyo na umeme haikosi mradi. Inakosa wepesi wa kusahihisha. Mwalimu aandikishe rasimu kwenye madaftari hadi ikamilike, manila iwe ya mwisho kabisa. Sehemu kubwa ya faida inabaki.

---

MwalimuMstaafu

Marahaba mwanangu. Umenijibu sawasawa.

---

FundiSteshenari

Mimi si mwalimu, nina steshenari karibu na shule mbili za sekondari, na kazi za wanafunzi zinapita mikononi mwangu kila wiki. Niruhusuni niseme ya upande wa ufundi, kwa sababu walimu mnapoteza hela bure.

Kwanza ukubwa uwekwe kabla ya kuanza. Wananiletea slaidi ya kawaida iliyolala, wanataka iwe A3 iliyosimama, ikivutwa kila kitu kinaharibika. A3 ni sentimita 29.7 kwa 42. Kwenye PowerPoint au LibreOffice Impress unaingia kwenye ukubwa wa slaidi unaandika namba hizo mwenyewe, imekwisha. Programu hizo mbili hazihitaji bando, na LibreOffice ni ya bure.

Picha: kwa A3 safi kabisa unahitaji pikseli 3508 kwa 4961. Kwa bango la ukutani linalosomwa kwa umbali wa mita moja hivi, hata nusu ya hapo kila upande inatosha. Shida inakuja mkitumiana picha WhatsApp kama picha: inabanwa, ikifika kwangu ina ukungu. Tuma kama dokumenti. Na kazi iliyokamilika ihifadhiwe PDF, ili fonti isigeuke ikifunguliwa kwenye mashine yangu.

Fonti mbili zinatosha bango zima. Maandishi ya kawaida kwenye A3 yasishuke chini ya saizi 24. Maneno ya njano juu ya nyeupe hayasomeki, nawaambia kila siku.

---

Ticha_wa_Lugha

Asante sana fundi. Niongeze tu kwamba Canva ina akaunti ya elimu ambayo ni bure kwa walimu wa msingi na sekondari, ila inataka intaneti. Wanafunzi wengi mtaani wanatumia PixelLab kwenye simu. Zote zinafaa. Ila tahadhari na violezo, yaani mabango yaliyokwisha pangwa tayari: kiolezo kikija na nafasi tano za maneno, mtoto anatafuta maneno ya kuzijaza hata kama ana la kusema moja tu. Ndiyo maana mchoro wa penseli unatangulia.

---

TichaMpya

Samahani wakubwa, nimeajiriwa karibuni. Kuna hili la akili mnemba. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, mwanafunzi mwenye simu nyumbani anaomba maandishi ya bango na anapewa Kiingereza kilichonyooka kuliko changu. Nitajuaje? Na je, alama mnagawaje, maana kila kikundi kinaniambia "letu ndilo zuri zaidi"?

---

Ticha_wa_Lugha

Karibu sana kazini ndugu.

Hilo la akili mnemba linapungua nguvu ukibadilisha swali. Ukisema "andika bango kuhusu uchafuzi wa mazingira", mashine itaandika vizuri kuliko sisi sote. Ukiuliza muuza dagaa wa soko hili alisema nini, na mtaro ule unaziba sehemu gani, mashine haipo pale. Atakayeitumia atalazimika kuipa yale aliyoyakusanya mwenyewe, na hapo sehemu kubwa ya kazi ameshaifanya. Kisha kuna maonyesho. Mtu aliyeandikiwa sentensi hawezi kujibu swali la pili kuhusu sentensi hiyo. Swali la kwanza anaweza kukariri. La pili hawezi.

Alama nazigawa 30. Maswali ya mahojiano na maelezo waliyorudi nayo, 6. Rasimu na masahihisho, 8. Lugha ya bango lenyewe, 6. Kusimama na kujibu, 8, na hii ni ya mtu mmoja mmoja. Mpangilio na mwonekano, 2. Wanafunzi wanaijua tangu siku ya kwanza, iko ukutani. Walipoiona walishangaa urembo kupewa 2, na baadhi ya vikundi vikakasirika kwa sababu walishaanza kutafuta picha za maua. Nilisimama pale pale. Mtoto anafuata alama zilipo. Ukiweka 10 kwenye rangi, wiki tatu zitakwenda kwenye rangi.

Rasimu nazipa alama kwa kulinganisha ya kwanza na ya mwisho, siangalii tu ya mwisho ilivyo. Kikundi kilichoanza chini kikapanda sana kinaweza kumzidi aliyeanza vizuri akabaki hapo.

---

Mwl_Kilifi

Kwenye hilo la kujibu mmoja mmoja naongeza: mwalimu asiwe ndiye muulizaji. Darasa langu likiniona nakaribia bango, linakauka. Wakiulizwa na wenzao wa gredi ya chini wanaongea hadi unawakatiza. Tuliwaita gredi ya 6 waje kama wageni, na wakubwa ikabidi warahisishe Kiingereza chao ili waeleweke. Kurahisisha kunahitaji ujuzi mkubwa kuliko kurudia maneno ya bango.

---

ChakiNaUbao

Nimefuatilia kimya kimya. Bado naona kwa wanafunzi themanini itanitoa jasho, lakini ile ya kuingia kompyuta kwa zamu na maandishi tayari naweza. Nitaanza na mkondo mmoja. Maswali mawili: kijijini kwetu hakuna soko kubwa, nifanye mada gani? Na picha za watu, hakuna matatizo?

---

Ticha_wa_Lugha

Safi sana mkuu. Tafuta jambo lenye watu wa kuulizwa na lenye kitu cha kwenda kutazama. Maji: kisima kipi kinatumika mwezi gani, nani anachota, wanachemsha au hawachemshi. Vyandarua: vilivyogawiwa viko wapi sasa, vinatumikaje. Ukiwa na mada ya malaria unaweza kulenga tarehe 25 Aprili, Siku ya Malaria Duniani, na zahanati huwa inakubali kuyapokea mabango. Kunawa mikono ina siku yake 15 Oktoba, lakini hiyo iko karibu mno na upimaji wako, iache.

Picha za watu: omba ruhusa kabla ya kupiga, si baada. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mtu anayeuza nyanya hajakubali uso wake usambae kwenye makundi. Wanafunzi wangu walifundishwa kuomba kwa maneno mawili matatu ya heshima na kueleza picha inakwenda wapi. Waliokataa hawakupigwa picha. Wengi wa vikundi waliishia kupiga mikono, vikapu, mizani na mtaro, na mabango hayakupungukiwa kitu.

Kwa picha za mtandaoni, usiwaache wachukue ya kwanza wanayoiona. Wikimedia Commons ina picha za bure zenye leseni iliyoandikwa wazi. Waweke jina la mpiga picha chini kwa herufi ndogo. Hiyo nayo ni sentensi ya Kiingereza ya kuandika.

---

ChakiNaUbao

Nimechukua kisima. Muhula ukifunguliwa naanza na Form Two A, nitaleta rasimu zao humu tuzisome.

---

Binti_Unguja

Zilete zote, na zile za mwanzo pia.